Uzi: Wikiendi ya historia hai kwenye majumba ya mashamba ya watumwa Marekani. Kwa nini wageni huishia sebuleni?

#1 Mpanga Ratiba
Wakuu, heshima zenu.
Jumba la shamba la zamani huku Piedmont, North Carolina, limekubali kutupokea Jumamosi na Jumapili moja ya Novemba. Ni historia hai, yaani watu wanavaa na kuonyesha maisha ya zamani, na ni ya raia tu: hakuna bunduki, hakuna mahema ya askari. Mwaka tunaolenga ni 1860, vuli. Kuna jumba lenyewe, jiko la nje, banda la kukaushia nyama kwa moshi, na vibanda viwili vya watumwa vilivyosalia, mita 400 hivi nyuma ya jumba. Wajitoleaji 35, wageni kama 300 kwa siku.

Sasa hoja. Sehemu nyingi za namna hii mgeni anaingia sebuleni, anapiga picha na mama mwenye gauni la krinolini (fremu ya pete inayotunisha sketi), ananunua chupa ya jamu, anasepa. Vibandani hafiki. Mimi nasema chanzo ni ratiba. Ziara ya jumba ina saa yake na tiketi yake, ya vibanda imeachwa "ukipenda pita". Anayepinga aje na hoja, na mwenye uzoefu wa meko, mavazi au bima asipite kimya.

#2 Kiti Cha Mbele
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Fundi Chokaa
Napinga. Ratiba ni dawa ya maumivu tu, ugonjwa ni maegesho. Gari likiegeshwa mbele ya jumba, mguu wa kwanza wa mgeni unakanyaga ngazi za bwana. Mita 400 za nyuma zinakuwa safari.

Tazama Whitney, Louisiana, shamba la zamani lililofanywa makumbusho ya utumwa na kufunguliwa Desemba 2014. Pale njia iligeuzwa: mgeni aanze kanisani, apite kwenye kuta za majina ya watumwa, aende vibandani, jumba liwe mwisho. Hakuna aliyelazimishwa. Ukitembea njia ile, ukifika sebuleni umeshajua nani alipiga deki.

Fanya hivi: egesha magari upande wa vibanda, funga kwa kamba njia ya mbele, meza ya tiketi iwe hatua 20 kutoka kibanda cha kwanza. Kigari kimoja kwa wazee na wenye viti vya magurudumu. Njia ya changarawe isipungue upana wa mita moja na nusu, maana Novemba udongo mwekundu wa Piedmont ukinyeshewa unateleza kama sabuni.

#4 Shangazi Pindo
Fundi, umesema vizuri lakini umewasahau watu wenyewe. Waulize hao 35 wameshona nini. Nakuhakikishia 20 wana gauni la hariri na hakuna mwenye gauni la kazi. Mtu akishashona miezi minne hatakubali kwenda kusimama vibandani penye moshi. Wageni wanafuata watu, na watu wamejazana sebuleni. Basi.

Gauni la mchana la 1860 linakula yadi 8 mpaka 10 za kitambaa, sketi pekee mzunguko wake ni yadi 4 hivi. Chini kuna shimizi, koseti (kibana kiuno), sketi za ndani na krinolini. Mkiwa wanawake sita wenye krinolini kwenye chumba cha futi 16 kwa 16, mgeni hana pa kusimama, na meza ndogo yenye chombo cha kaure itaanguka kabla ya saa sita. Weka kikomo: wawili tu kwa chumba.

Gauni la kazi halina krinolini, au lina sketi moja ya ndani yenye nyuzi za kukaza. Pindo liishie kwenye kifundo cha mguu. Aproni iwe kubwa.

#5 Mjukuu wa Meko
Na aliye karibu na moto asiguse poliesta. Narudia: ASIGUSE. Pamba inashika moto haraka, lakini poliesta inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Sufu ndiyo rafiki wa mpishi, ikipata cheche inaungua polepole na mara nyingi inajizima. Kagua lebo za ndani siku mbili kabla, usikubali neno "ni pamba tu hii".

Hoja yangu kwa #1: wageni hufuata pua. Washa moto vibandani, pika pale, uone kama watabaki sebuleni.

#6 Mpanga Ratiba
Mjukuu, tupe hatua. Jiko la nje lina meko ya matofali na mkono wa chuma wa kuning'iniza sufuria. Halijawashwa miaka mingi.

#7 Mjukuu wa Meko
Halijawashwa miaka mingi? Basi usiwashe mpaka dohani ikaguliwe na mtu mwenye cheti. Anapitisha kamera, anatafuta nyufa, masizi yaliyoganda na viota. Ndege aina ya mbayuwayu wa dohani hutaga humo majira ya joto na wanalindwa na sheria ya shirikisho ya 1918, kiota chenye makinda hukitoi. Novemba wameshahamia Amerika Kusini, kwa hiyo mwezi wako ni mzuri.

Siku yenyewe:
Kuni za mwaloni au hikori zilizokauka mwaka mzima. Msonobari hapana, unarusha cheche na kujaza masizi. Unawasha saa moja asubuhi ili saa nne uwe na makaa. Watu wengi hupikia ndimi za moto, hapo ndipo chakula kinapoungua nje na kubaki kibichi ndani. Kinachopika ni makaa.

Kabla ya kuwasha, choma karatasi moja ukiishika juu, mdomoni mwa dohani. Bomba likiwa la baridi, hewa nzito inashuka na moshi wote unarudi chumbani. Karatasi inalipasha, hewa inaanza kupanda. Moto wa kwanza uwe mdogo kwa saa nzima. Matofali ya zamani yana unyevu, ukiyashtua yanapasuka.

Sufuria ya chuma ya miguu mitatu yenye mfuniko wa kingo: theluthi ya makaa chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Kila dakika 15 zungusha sufuria robo upande mmoja na mfuniko robo upande mwingine, la sivyo mkate unaungua upande unaotazama moto.

Ndoo mbili za maji, moja ya mchanga, blanketi la kuzimia moto, na kizima moto cha kisasa kifichwe nyuma ya pipa lakini ndani ya hatua tatu. Mafuta ya nguruwe yakishika moto usimwage maji. Funika.

#8 Fundi Chokaa
Naongezea kwa Mjukuu. Matofali yale yalifinyangwa kwa mkono na ni laini. Mtu akiziba nyufa za meko kwa saruji ya kawaida anaua ukuta: saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, maji yanakwama kwenye tofali, likipata baridi uso wake unabanduka. Tumia chokaa na mchanga, na kazi hiyo imalizike majira ya joto, si wiki moja kabla.

Ndani ya jumba hakuna moto kabisa. Hata mshumaa. Nottoway kule Louisiana iliungua Mei 15, 2025, jumba lote likaenda, na lilikuwa kati ya makubwa kuliko yote Kusini. Tumia mishumaa ya betri nyuma ya kioo. Na rangi kuukuu za nyumba hizi zina madini ya risasi, ni sumu, kwa hiyo watoto wasishike mbao za madirisha, na msigonge msumari hata mmoja.

#9 Mwana wa Darajani
Mimi jirani wa karafuu, wa Unguja, nauliza tu: hao waigizaji wa vibandani ni nani? Watavaa nini, watasema nini? Maana mnaongelea dohani kama vile hapo palikuwa hoteli.

#10 Shangazi Pindo
Swali la uzito hilo, bwana.

Kuhusu mavazi tu: msiwavike matambara. Mgao wa kawaida ulikuwa nguo mara mbili kwa mwaka, ya kiangazi ya pamba nzito isiyopaushwa na ya baridi ya mchanganyiko wa pamba na sufu, pamoja na jozi moja ya viatu vigumu. Lakini watu walipaka rangi, walishona upya, walikuwa na nguo ya Jumapili na kilemba kilichofungwa kwa ufundi. Matangazo ya wamiliki ya kutafuta waliotoroka yanaeleza nguo zao kipande kwa kipande, yasomeni. Vifungo viwe vya mfupa, mbao au vile vyeupe vya kaure vilivyoanza miaka ya 1840. Zipu ikionekana mnatoka.

Tena pamba hiyo isiyopaushwa wewe wa Darajani unaijua kuliko sisi. Mtumwa wa Georgia aliichuma, viwanda vya Massachusetts vikaifuma, meli za Salem zikaishusha Unguja ikawa amerikani ya misafara ya bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, Waingereza na Wahindi wakachukua soko. Weka meza moja yenye jora la amerikani na ramani. Kundi lenu la Waswahili ndilo lenye haki ya kuieleza meza hiyo.

#11 Mwana wa Darajani
Ahsante. Hapo umenigusa pabaya, nimeivaa utotoni bila kuuliza ilikotoka.

#12 Msomi wa Daftari
Kwa swali la #9. Nafsi ya kwanza ("mimi ni fulani, mwaka ni 1860") kwa mtumwa ni kazi ya watu waliofundishwa, si ya mjitoleaji wa wikiendi. Colonial Williamsburg, makumbusho ya mji wa kale kule Virginia, waliigiza mnada wa watumwa Oktoba 10, 1994. Walioandaa walikuwa idara ya historia ya Waafrika-Wamarekani ya pale pale, wakiongozwa na Christy Coleman, na bado NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, waliandamana. Baadhi ya waliopinga walibadili kauli baada ya kuona. Hao ni wataalamu wa kudumu. Nyinyi chukueni nafsi ya tatu: vazi la wakati ule, lugha ya leo. "Aliyepika hapa aliamka saa kumi, nitakuonyesha alichofanya."

Na mwongozo wa chuma: hakuna mnada, hakuna mjeledi, hakuna mgeni kufungwa pingu "aone ilivyokuwa", hakuna mtoto wa shule kupewa kapu achume pamba kwa mashindano.

#13 Mzee Kijiti
Sasa mtaigiza nini kilichobaki? Chai?

#14 Msomi wa Daftari
Kazi, mzee. Kusuka kapu, kufua, kuchonga mpini, kutwanga, kuzaa na kulea, kusali kwa siri, kupanga kutoroka. Siku ilikuwa na saa 24 kama ya kwako.

#15 Jirani wa Stagville
Kwa mfano wa karibu nawe Mpanga Ratiba: Stagville, nje ya Durham. Familia za Bennehan na Cameron zilikuwa na ekari kama 30,000 na watumwa 900 hivi kufikia 1860. Jumba lenyewe ni dogo kuliko unavyofikiri. Kinachowashangaza watu ni ghala kubwa la 1860 na vibanda vya Horton Grove, vibanda vya magogo vya chumba kimoja. Kwa hiyo inawezekana vibanda vikashinda jumba.

#16 Fundi Chokaa
Jirani, Horton Grove si magogo wala si chumba kimoja. Ni nyumba za ghorofa mbili za fremu ya mbao, ukutani ndani zimejazwa matofali, za karibu 1851. Vyumba vinne, kwa kawaida familia moja kila chumba. Ukiangalia matofali ya Stagville utaona alama za vidole vya waliofinyanga, zimekauka humo humo. Hiyo ndiyo sababu ya mvuto wake: kuna kitu cha kuonyesha kwa kidole.

#17 Jirani wa Stagville
Sawa fundi, imekaa.

#18 Mama Kunde
Chakula. Posho ya mtu mzima iliyotajwa sana ni peki moja ya unga wa mahindi kwa wiki, karibu kilo tano na nusu, na ratili 3 mpaka 4 za nyama ya nguruwe yenye chumvi. Kingine kilitoka bustanini mwao usiku, mtegoni na mtoni. Pima posho hiyo kwa mizani, iweke mezani ndani ya sinia, iache hapo. Haihitaji maelezo mengi. Mgeni atauliza mwenyewe, "Hii ya siku ngapi?"

Hoekeki, yaani vikeki bapa vya mahindi vya kikaangoni: vikombe viwili vya unga mweupe wa mahindi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka. Maji ya uvuguvugu hayafai, unga hauivi na keki inavunjika ukigeuza. Acha dakika 10 uvimbe. Kikaango cha chuma kipakwe mafuta kidogo, kijiko kikubwa kimoja kila keki, isizidi unene wa kidole. Geuza mara moja tu, kingo zikiwa kavu. Tazama pale katikati: vitundu vikianza kutoa mvuke bila kububujika, ndiyo wakati.

Kunde, bamia, ufuta, mchele: vyote vilivuka bahari pamoja na watu kutoka Afrika Magharibi. Michael Twitty, mpishi na mwanahistoria wa chakula, anapika hivi hadharani kwenye meko za mashamba hayo hayo, angalieni anavyopanga meza yake.

Onyo: idara ya afya ya kaunti. Kupika kwa maonyesho na kugawa chakula ni vibali viwili tofauti. Ukigawa, cha moto kikae nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi na cha baridi 5 au chini, na pawe na maji ya kunawia yanayotiririka. Wengi hupika kwa maonyesho halafu wanagawa hoekeki iliyopikwa kwenye jiko la kisasa lenye kibali.

#19 Mzee Kijiti
Kwa hiyo hoekeki ya historia hai inatoka kwenye jiko la gesi. Historia nusu uhai.

#20 Mama Kunde
Bora nusu uhai kuliko mia tatu wanaharisha, baba.

#21 Wakili Mstaafu
Bima. Mwenye jumba atataka kundi lenu liwe na bima ya dhima, dola milioni moja kwa tukio ndiyo kiwango kinachoombwa mara nyingi, na jina la jumba liongezwe kwenye hati kama mwenye bima wa ziada. Soma vizuizi: sera nyingi za bei nafuu zinaondoa moto wa wazi na wanyama. Mkigundua Ijumaa jioni kwamba meko haimo, jiko linafungwa. Omba hati siku 60 kabla.

Halafu msizungumze na mwenye jumba tu. Wazao wa waliotumikishwa pale wapo, mara nyingi kanisa lao liko maili tano tu. Wasishirikishwe mwishoni kwa ajili ya sala ya ufunguzi, wawe na kauli kwenye maandishi na kwenye orodha ya nani anasimama wapi. Mvutano wa Montpelier, Virginia, shamba la Rais Madison, wa 2021 na 2022 ulikuwa juu ya jambo hilo hilo: viti vya bodi kwa wazao.

#22 Msomi wa Daftari
Naunga mkono. Majina mtayapata wapi? Daftari la watumwa la sensa ya 1860 lina jina la mmiliki, umri, jinsia, na idadi ya nyumba za watumwa, karibu kamwe halina jina la mtumwa. Majina yako kwenye orodha za mali za marehemu, wosia na vitabu vya hesabu vya shamba. Kisha unakuja sensa ya 1870 unalinganisha umri na mtaa. Kuna pia mahojiano ya waliowahi kuwa watumwa, ya 1936 hadi 1938, zaidi ya 2,300, ila mengi yaliandikwa na wazungu waliowahoji wazee maskini wakati wa njaa, yasomwe kwa jicho hilo.

Na ninataka kuuvunja mwaka wenu. Acheni 1860, chukueni Januari 1866. Mkataba wa kazi: mwenye shamba yule yule, watu wale wale wakiwa huru, afisa wa Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali ya kuwasaidia walioachwa huru, mezani. Wanabishania posho, fungu la mazao, siku za ugonjwa zinazokatwa, nani anamiliki kuku. Mwisho alama ya X badala ya sahihi. Mikataba halisi ipo, unasoma maneno yenyewe. Hakuna anayelazimika kuigiza mtumwa, na wageni watasogea kwa sababu kuna ubishi.

#23 Shangazi Pindo
Wazo tamu, lakini zile gauni zao 20 za 1860 zinaenda wapi? Kwanza 1866 krinolini zimeshaanza kuwa bapa mbele. Watakufukuza.

#24 Jirani wa Stagville
Msomi, tatizo la 1866 ni kwamba linampa mgeni mlango wa kutokea. Ataondoka akisema "kumbe waliachiwa, wakaelewana". Utumwa wenyewe ameuruka. Afadhali Jumamosi 1860, Jumapili 1866, watu wale wale majina yale yale.

#25 Wakili Mstaafu
Angalizo hapo: shamba la Latta, kaunti ya Mecklenburg, lilitangaza tukio la Juni 19, 2021, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa, kwa maneno yaliyomhurumia bwana aliyepoteza watumwa. Tukio lilifutwa na kaunti ikasema haitaongeza mkataba na waendeshaji. Tangazo lisomwe na wazao kabla halijatoka. Sentensi mbili tu zinaweza kuua kazi ya mwaka.

#26 Kiti Cha Mbele
Hapo kwenye tangazo ndipo jibu la #1 lilipo. Bango lina mama wa krinolini kwenye ngazi nyeupe. Mgeni kaja kutafuta alichoonyeshwa. Ratiba, maegesho, harufu, vyote vinakuja baadaye.

#27 Fundi Chokaa
Bango halina miguu mkuu. Maegesho.

#28 Mjukuu wa Meko
Moshi.

#29 Mwana wa Darajani
Mimi naona ni aibu. Mtu hataki kusimama mbele ya kibanda na watoto wake bila kujua aseme nini. Mkiweka mtu pale wa kuanzisha mazungumzo, hata awe amevaa jinzi, wataingia. Joseph McGill tangu 2010 analala usiku kwenye vibanda hivyo na wageni, alianzia shamba la Magnolia karibu na Charleston, na wanaokuja hukaa wakiongea. Hana krinolini wala mnada.

#30 Mzee Kijiti
Na kule Louisiana Novemba 2019 msanii Dread Scott alikusanya mamia ya watu wakatembea maili 26 kwa siku mbili wakiigiza maasi ya watumwa ya 1811, mapanga na farasi, wakipita kando ya viwanda vya mafuta vilivyojengwa juu ya mashamba yale. Hakukuwa na sebule hata moja. Nyinyi endeleeni kupima gauni.

#31 Mpanga Ratiba
Shukrani wote. Nimeandika: magari upande wa vibanda, krinolini mbili kwa chumba, nafsi ya tatu, mkaguzi wa dohani Agosti, kikao na kanisa kabla ya kitu chochote. Mwaka bado. Bado nashikilia ratiba lakini.
Swali dogo: majivu na makaa ya Jumamosi usiku nayaweka wapi?

#32 Mjukuu wa Meko
Ndoo ya bati yenye mfuniko wa bati, juu ya udongo mtupu, mita tatu au zaidi kutoka ukuta wowote. Si kwenye pipa la taka, si kwenye kibaraza. Mwaloni unahifadhi moto ndani ya majivu siku tatu, nne. Na mtu mmoja alale pale.

#33 Mzee Kijiti
Alale na krinolini au bila?

#34 Shangazi Pindo
Na sufu, baba. Sufu.